Mapito ya Kwenda Lamboni

Siku yangu ya kwanza kama katibu wa baraza la kata, Misima, nilikuta mabwana wawili benchi moja, wamepeana migongo. Mzee Mhina, mkulima, alikuwa amelima juu ya mapito, yaani njia ya ng'ombe kwenda kunywa maji lamboni. Lemali, mfugaji, aliendelea kupitisha ng'ombe palepale, katikati ya mahindi. Shauri lilikuwa likiahirishwa msimu hadi msimu.

"Hawachoki?" nilimwuliza Mwenyekiti wa Baraza.

"Wamechoka zamani, mwanangu. Ila kila mmoja anaamini mwenzake ataacha kesho. Sasa nani aache leo?"

Kiangazi kilikaribia, na vijana wa pande zote walishaanza kutembea na marungu. Mwenyekiti akanituma nikawaone nyumbani, mmoja mmoja.

Mzee Mhina aliitikia shikamoo yangu, kisha akauliza, "Lemali bado ana nguvu?" Binti yake Zaina akadakia: "Mwambie, baba akichoka, naendelea mimi!" Mzee akatabasamu kwa fahari. "Mwambie!"

Kwa Lemali swali lilikuwa lilelile. Mdogo wake akasema, "Kaka akichoka, mimi nipo." Lemali naye: "Wapelekee hiyo."

Nikapeleka salamu zote mbili. Kila mmoja alizipokea akauliza, "Kumbe hata mwenzangu akichoka, hauishi?"

Siku ya shauri benchi lilikuwa tupu. Mwenyekiti alicheka mpaka akavua miwani. Tulipofika shambani, tuliwakuta wanachomeka vigingi vya njia mpya, pembeni mwa mahindi.

"Hapa ng'ombe wangu wanene hawapiti!" alilalamika Lemali.

"Basi wakondeshe!"

Mzee Mhina akasogeza vigingi.

Nikajiona fundi. Nilipohamishiwa Vugiri, mawifi wawili waligombea mpaka wa migomba, nikawapa dawa ileile. Bibi mmoja akanishangaa: "Nikiacha, siku ya baraza nitakwenda wapi?" Kumbe walikuwa wakija barazani na kurudi pamoja, wakicheka njia nzima. Mtendaji wa Kata akaniambia, "Hawa waache. Wanafaidi."

Ninyi mnaoanza kazi hii, kabla hamjapatanisha watu, ulizeni kwanza ugomvi unawapa nini.

Sasa nimestaafu, nipo Korogwe mjini. Juzi mvua ikinyesha, bibi wale wa Vugiri walibisha hodi, chini ya mwavuli mmoja.

"Shauri letu bado," walisema.

Nikabandika chai, nikauliza nani aanze.