Madame Félicité na Neno "Corps"

Ukitaka kumkasirisha Madame Félicité, mwache mtoto akariri kitu asichokielewa. Utamwona anavua miwani, anaifuta kwa pindo la kitenge, anairudisha usoni, kisha anauliza kwa ule upole ambao wanafunzi wa mwaka wa saba wanauogopa kuliko fimbo: "Bon. Na kwa Kiswahili ya kwenu, hiyo iko nini?" Hapo darasa zima linainamisha vichwa, kila mtu ghafla ana kitu muhimu cha kutafuta chini ya dawati.

Ana sababu zake. Alizaliwa Yanonge, mtoto wa nne katika nyumba iliyoishi kwa kuvua na kuuza samaki wa kukaushwa, na shuleni alikuwa hodari wa kukariri. Neno photosynthèse, yaani mmea kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, alilijua na maelezo yake yote, mistari minne, bila kuruka nukta. Akapata kumi kwa kumi. Kumbe akilini mwake hiyo ilikuwa mashine ya kupigia watu picha. Alikuja kugundua ukweli akiwa na miaka kumi na tisa, hapa Kisangani, chuo cha ualimu, mbele ya wenzake wote. Mpaka leo akikumbuka siku ile anaona aibu na kicheko kwa pamoja.

Basi alipokabidhiwa masaa ya sayansi, na ilichukua miaka sita ya kufundisha kushona kwa sababu mkuu wa shule wa wakati ule aliamini mwanamke na sindano hawaachani, alijiwekea sharti moja. Hataandika ubaoni neno lolote la sayansi kabla ya kuwauliza watoto wanalisikiaje. Majibu yao anayaweka kwenye daftari nene la jalada la bluu, na daftari lile, nakwambia, lingeweza kumfurahisha hata mtu aliyefiwa na mbuzi wake wote.

Chukua température. Madame alisema maji ya ndoo yana température ya ishirini na tano, darasa likaangua kicheko. Katika mji huu mwenye température ni mwenye homa. Mvulana mmoja, Glodi, aliuliza kwa uso mkavu kabisa: "Madame, tuipeleke hospitali?" Chukua courant. Hapa courant ni umeme, ile inayokatika ukiwa umeshaweka simu kwenye chaji. Watoto walipoambiwa kwamba mto una courant, yaani mkondo, yenye nguvu sana, walitaka kujua kwa nini basi nyumba za kando ya mto zina giza. Madame Félicité alisema swali hilo ni zuri kuliko somo lenyewe, akatumia saa nzima kulijibu, wakasahau hata kengele.

Ndivyo anavyoishi. Asubuhi anapanda toleka, baiskeli ya abiria, miguu upande mmoja na vitabu mapajani. Mchana anakula makemba, zile ndizi za kupika, na samaki kwa mama yule yule karibu na shule. Jioni anasahihisha. Hana gari, hana jina kubwa, na ukimuuliza kama anatamani maisha mengine atakuangalia kama mtu aliyemuuliza kama anatamani masikio mengine. Anaipenda kazi yake, basi.

Sasa, kosa. Hata mwenye sharti huvunja sharti lake siku moja, na siku yake ilikuwa mardi, Jumanne moja ya mwezi wa kumi na moja. Mtihani ulikuwa karibu. Préfet Médard, mkuu wa shule wa sasa, mtu mpole anayeogopa kuchelewa kuliko anavyoogopa nyoka, alikuwa amepita mlangoni mara mbili akigonga saa yake kwa kidole. Madame hakuuliza kitu. Akageukia ubao, akaandika ile sentensi kama ilivyo kitabuni: Tout corps plongé dans un liquide subit une poussée vers le haut. "Kesho mutaijua kwa kichwa," akasema.

Darasa likanyamaza kimya. Yeye, masikini, akafurahi. Alidhani ni umakini.

Shule hii iko kwenye njia ya kwenda maporomoko. Nusu ya watoto ni wa wavuvi wanaotega mitego mikubwa ya fito kwenye mawe, pale maji yanapochemka. Na kwa watu hawa, kama kwa Kisangani nzima, corps haina maana mbili. Corps ni maiti. Unakwenda kuchukua corps hospitali, corps inalala nyumbani usiku mmoja, kesho mnazika. Kitabu kilikuwa kinasema kila kitu kinachotumbukizwa majini husukumwa juu. Watoto walisoma kwamba kila maiti aliyezama majini hupatwa na kitu fulani, na wakaambiwa wakakariri nyumbani kwa sauti.

Kesho yake Chimène hakuja. Chimène ni binti wa miaka kumi na tatu, wa dawati la mbele, yule anayeuliza swali kabla hujamaliza sentensi. Jeudi, Alhamisi, pia hakuja. Madame alipouliza, Glodi akasimama, akaitazama sakafu, akaeleza yote.

Chimène alikuwa amekariri sentensi yake uani, karibu na bibi yake, Koko Lucie. Mwaka uliopita Koko Lucie alipoteza kitinda mimba wake, Nicolas, mtego ulipomvuta kutoka kwenye fito alizosimamia, akazama. Walimtafuta siku mbili bila kumwona, na siku hizo zote neno lililokuwa kinywani mwa kila mtu pale mtoni lilikuwa hilo hilo: corps iko wapi, corps imeonekana? Bibi hajui Kifaransa, ila neno hilo moja analijua. Alipolisikia kutoka kinywani mwa mjukuu wake, alikaa chini akalia mpaka majirani wakaja. Baba yake Chimène, Papa Lukumani, akasema imetosha. Mtoto wake hatasoma mahali wanapofundisha habari za waliozama. Samedi, Jumamosi, anapelekwa Ubundu kwa shangazi yake, akamsaidie kuuza samaki, na shule iishe hapo.

Madame Félicité alivua miwani, na safari hii hakuifuta. Alijua mara moja alichokifanya. Préfet Médard alimtuliza: sentensi ni sahihi, kitabu ni cha serikali, mzazi atapoa, tutazungumza naye mwezi wa kwanza. "Mwezi wa kwanza mutoto atakuwa anauza samaki Ubundu, Monsieur le Préfet," akamjibu. Vendredi, yaani Ijumaa, masomo yalipoisha, alivua viatu vyake vizuri, akavaa sandali, akashuka mtoni.

Alimkuta Papa Lukumani ameketi kwenye jiwe, anafunga kamba ya mtego uliochanika. Ni mtu mrefu, mwenye mabega ya kazi na maneno machache. Alimpa Madame kigoda, kwa sababu adabu ni adabu, kisha akaendelea na kamba yake.

"Papa Lukumani, nimekuja kuomba pardon," akaanza Madame. "Ile neno niliiandika bila kuwaza. Ni kosa yangu, si ya mutoto."

"Madame, munafundisha watoto habari ya watu wenye kufa mu maji. Ju ya nini?"

"Mu kitabu, corps haiko maiti. Corps iko kitu. Jiwe iko corps. Sufuria iko corps. Hii mutego yako iko corps."

Lukumani aliutazama mtego wake, akamtazama Madame. "Sasa wenye walitunga hii Kifaransa, walikosa neno ingine?"

"Walikosa, papa," akasema Madame, na kwa mara ya kwanza siku ile akatabasamu. "Walikosa kabisa."

"Bon. Na hiyo kitu, wanasema inafanywa nini?"

Hapo akawa amemgusa mwalimu pale anapopenda kuguswa. Alimweleza polepole, bila neno hata moja la kitabuni: kila kitu ukikitia majini, maji yanakisukuma kwenda juu. Alitegemea maswali. Lukumani akacheka, kicheko kifupi cha puani.

"Hiyo tu? Madame, hiyo siye tunaijua toka tumbo ya mama. Mutego ukiwa ndani ya maji, hata Chimène anaunyanyua na mukono moja. Ukitoka inje, tunakuwa wanaume watatu na tunasikia mugongo. Siye tunasema maji inabeba." Akaivuta kamba kwa meno. "Ulisoma miaka ngapi ju ya kujua hii?"

"Kumi na saba," akasema Madame, naye akacheka. Akatoa daftari la bluu akaandika hapo hapo, juu ya goti: maji inabeba. Alifurahi kama mtu aliyeokota noti njiani. Miaka yote hiyo anahangaika jinsi ya kulieleza somo lile, na kumbe wazazi wa watoto walikuwa na maneno yake, mepesi na kamili.

Lakini Lukumani alikuwa ameacha kamba. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Umesema kila kitu."

"Kila kitu, papa."

"Hata chenye kuzama?"

Madame akaelewa swali linaelekea wapi. Angeweza kusema jambo laini, akaaga, akaenda zake. Lakini amekataa maisha yake yote kumwambia mtu kitu kisicho kweli, na hakuanza siku ile.

"Hata chenye kuzama. Maji haiachi kusukuma, hata dakika moja. Kama kitu iko muzito sana, ama mukondo inakivuta chini, maji inashindwa. Lakini inasukuma tu."

"Basi hata Nicolas."

"Ndiyo, papa. Ilimusukuma juu wakati wote. Mukondo ndiyo ilimushinda."

Lukumani alinyoosha kidole kwenye mawe. "Siku ya tatu alipanda mwenyewe," akasema. "Tulikuwa tumechoka kutafuta. Alipanda mwenyewe, hapa pa mawe ya chini, na siye tukamuchukua. Hakuna mutu alijua ju ya nini."

"Maji ilimuleta."

Mwanamume yule alijipangusa uso kwa mkono wenye magamba ya samaki. Akanyanyuka. "Hii neno, mama yangu anapashwa kuisikia. Twende."

Uani, mfuko wa Chimène wa safari ya Ubundu ulikuwa tayari umefungwa, umewekwa mlangoni. Koko Lucie alikuwa ameketi mkekani anachambua pondu, majani ya muhogo. Ni mwanamke mwembamba ambaye tangu msiba hajakanyaga mtoni. Maji ya kuoga anachotewa, na akisikia maporomoko usiku anaziba masikio kwa kitenge. Mto ulimvuta mwanangu, ndivyo anavyosema, mto ulimtaka. Lukumani alimwomba Madame aeleze. Madame akatikisa kichwa, akamwita Chimène.

"Mwambie Koko somo ya mardi. Kwa Kiswahili ya hapa."

Binti alisita, akamtazama baba yake. Kisha akachuchumaa mbele ya bibi, akamshika mikono iliyokuwa na majani.

"Koko, kila kitu kikiwa mu maji, maji inakibeba. Inakisukuma juu. Mutego, mutumbwi, mutu, vyote."

"Na tonton yako, Nicolas?"

"Na tonton."

"Basi ju ya nini alikufa?"

"Mukondo ilikuwa na nguvu zaidi, Koko. Na yeye alichoka. Lakini maji haikumuacha. Ilikuwa inamusukuma tu, mpaka ikamurudisha kwetu."

Majirani wawili waliokuwa wanapita walisimama, wakaona si wakati wao, wakaendelea. Madame Félicité aliogopa, nakwambia kweli aliogopa, kwamba amekuja kufungua kidonda kwa mara ya pili katika wiki moja. Koko Lucie alilia, lakini safari hii alilia bila kelele, na hakuiachia mikono ya mtoto.

Alipomaliza alijifuta, akamgeukia mwanawe.

"Mwaka muzima nimechukia maji bure," akasema. "Lukumani, fungua ule mufuko. Mutoto Jumatatu anaenda masomo."