Kijapani cha Kanana

Kabla ya kuhamia Carrollton, karibu na Dallas, Kanana na mumewe Mwenda waliishi Japani miaka mitatu. Mwenda alikuwa akisomea uhandisi katika mji mmoja karibu na Nagoya. Kanana, muuguzi kutoka Meru, alishinda peke yake chumbani, mjamzito, asiyeweza hata kuuliza bei ya kitunguu. Kilichomtoa humo ni darasa la bure katika ukumbi wa mtaa, ambako akina mama wastaafu waliwafundisha wageni Kijapani. Mmoja wao, Bi Sumiko, alimzoesha maneno ya kliniki wiki baada ya wiki, mpaka Kanana akaenda kwa daktari bila mkalimani.

Ndiyo maana kanisa lake la Carrollton lilipotafuta watu wa kujitolea kufundisha wageni Kiingereza, hakungoja kubembelezwa. Alipanga zamu zake ili Alhamisi asubuhi awe huru, akapewa meza ya wanaoanza.

Kwenye meza hiyo akaja Yoshie, Mjapani aliyemfuata mumewe Teksasi pamoja na mtoto wao, Haruto, wa darasa la pili. Kanana alifurahi mno. Akamwamkia kwa Kijapani. Yoshie naye, kwa furaha, akamwaga maneno kama maji ya bomba, na Kanana hakudaka hata moja. Aliona haya. Tangu siku hiyo hakuthubutu tena. Wakabaki na Kiingereza, yaani Yoshie akawa anaandika kila kitu na hasemi kitu.

Alhamisi moja, katikati ya somo, simu ya Yoshie ililia. Alisikiliza, rangi ikamtoka usoni, akainuka na kiti kikaanguka.

"Yoshie, kuna nini?"

"Shule," alisema kwa Kiingereza. "Basi. Hospitali."

Simu ilikuwa haijakatwa. Kanana akaiomba, akajitambulisha kama mwalimu wa Yoshie. Karani wa shule akamjibu kwa upole kwamba habari za mtoto hapewi mtu mwingine bila idhini ya mzazi. Kanana akaweka spika, akamwonyesha Yoshie kwa mkono: sema wewe.

Yoshie akavuta pumzi. "Mimi mama wa Haruto. Huyu rafiki yangu. Tafadhali, mwambie yeye."

Yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyowahi kusema kwenye meza ile.

Karani akaeleza. Basi lililowapeleka watoto matembezini liligongwa kidogo kwa nyuma kwenye taa za barabarani. Watoto wote wazima, wamekwisha kurudishwa shuleni. Aliyepelekwa hospitali ni dereva, naye ni kwa uchunguzi tu.

Kanana alishusha pumzi, akamgeukia Yoshie, akamweleza kwa Kiingereza, polepole. Haikusaidia. Yoshie alikuwa amekwisha kulisikia neno hospitali, na masikio yake yalikuwa yameziba hapo. Machozi yalianza kumtoka.

Basi Kanana akaacha haya. Akamshika mikono, akatafuta kichwani yale maneno ya kliniki.

"Haruto-kun, daijobu," alisema. Haruto ni mzima. "Kega, nai." Hana jeraha.

Yoshie akamkazia macho. "Byoin?" aliuliza. Hospitali je?

Neno la dereva lilikuwa limempotea kabisa. Kanana akakunja ngumi, akazungusha usukani hewani kama mtu anayekata kona, akatikisa kichwa, kisha akajipiga kifuani: si mtoto, ni huyu mwenye usukani. "Byoin," akasema, na kuzungusha tena.

Yoshie aliangalia ule usukani wa hewa, kisha akaketi sakafuni palepale, akacheka na kulia kwa pamoja.

Kanana alimpeleka kwa gari lake hadi shuleni. Haruto alitoka ofisini akitafuna biskuti, hana habari na hofu ya mtu, akaanza kulalamika kwamba matembezi yamekatizwa kabla hawajaona kasa. Mama yake akamkumbatia mpaka mtoto akaanza kujinasua.

Kanana akawaacha hapo, akarudi maegeshoni. Akakaa garini, akafungulia kiyoyozi, akampigia mumewe ofisini kwake, katika mji jirani wa Richardson.

"Leo nimeongea Kijapani."

"Wewe? Si ulisema kimeisha chote?"

"Nili-panic, kikatoka. Lakini vibaya, Mwenda! Bi Sumiko angejificha."

Mwenda akacheka, akamwambia aende nyumbani alale, chakula cha jioni atapika yeye. Kanana hakubisha. Alilala mpaka jioni, usingizi mzito wa mtu aliyetua mzigo.

Alhamisi iliyofuata Yoshie alifika mapema, akachukua kiti cha karibu naye. Kabla somo halijaanza, alisema kwa Kiingereza chake kilichovunjikavunjika kwamba barabara za Dallas ni mbaya, na madereva wake ni wabaya zaidi. Meza nzima ikakubaliana naye, kila mtu na kisa chake, na kitabu hakikufunguliwa hata kidogo siku hiyo.