Mwenye Kaburi la Mfaransa

Mama Honorine Kazadi amechoka, na wala hafichi. Ana miaka sitini na saba, magoti yanamuuma, na kwa miaka thelathini na moja ametunza vitabu vya ubatizo vya parokia yetu hapa Kolwezi. Mimi ninayefanya naye kazi namjua vizuri. Ukimwomba akutafutie jina, ataguna, atakuambia urudi Alhamisi, kumbe keshalipata hujafika hata mlangoni.

Miaka mitatu iliyopita alipata barua pepe kutoka Ufaransa. Mstaafu mmoja, Philippe, alikuwa anafuatilia ukoo wa Lucien, babu wa baba yake, aliyefika huku mwaka 1921, akafuga ng'ombe nje ya mji, akafa 1953. Honorine alimtafutia kila kitu: majina ya waliobatizwa shambani, tarehe ya mazishi, picha ya kaburi lenyewe, kwenye makaburi ya upande wa Mashamba, karibu na mgodi. Philippe alishukuru kwa maneno matamu kweli. Mwisho akauliza kama Lucien aliacha mtoto Kongo.

Honorine alifungua kitabu cha 1936. Naomie, binti wa mwanamke Mbuyu, mpishi wa shamba la Lucien. Mahali pa baba, padri aliandika kwamba hajulikani. Basi akajibu kikarani: hakuna mtoto aliyeandikwa.

Naomie huyo ndiye mama mzazi wa Honorine. Kila sikukuu ya Watakatifu Wote alimchukua Honorine kwenda kung'oa majani juu ya kaburi lile, na alimwambia waziwazi aliyelala pale ni nani. Nilipomuuliza Honorine kwa nini alimficha Philippe, alikasirika kidogo.

"Kila siku mi naambia bantu, kitu haiko mu kitabu, siandike. Sasa nianzie kwa mama yangu?"

Philippe akatuma mti wa ukoo, umechorwa vizuri. Chini ya Lucien, upande wa Afrika, kuliandikwa kwamba hakuacha mtoto. Honorine aliukunja, akautia kwenye droo ya rozari, na siku hiyo hakula.

Mwaka huu shimo la mgodi wa shaba limefika kwenye makaburi hayo. Kampuni ikatangaza kwamba makaburi yatahamishwa, na kila kaburi lazima lipate ndugu wa kutia sahihi. Kwetu huyo ndugu pia ndiye anayemwambia marehemu kwamba anahamishwa, kabla jembe halijagusa udongo. Asiye na mtu, mifupa yake inatiwa kwenye shimo moja na wengine, bila jina.

Honorine alimwandikia Philippe, akimwomba atie sahihi hata kwa barua. Jibu lilikuja baada ya wiki mbili: familia imekutana, picha wanazo, wameridhika, wenye mamlaka wafanye wanavyoona inafaa.

"Wameridhika," Honorine alirudia mara mbili. Mimi nilipandwa na hasira.

Jumanne tulikwenda makaburini, kwenye meza ya kampuni. Gradi, karani wa kampuni, alikuwa amechoka kama sisi.

"Mama, huyu muzungu eko na mutu?"

"Eko naye. Ni mi."

"Uko nani yake?"

Honorine alivuta fomu karibu, akashika kalamu. Nilijua ataandika jirani, au parokia, kitu cha kikarani. Watu nyuma yetu walianza kunung'unika.

"Mujukulu," alisema, akaandika.

"Uko na karatasi?"

"Kitabu ya ubatizo ni mi nachunga, tata. Inasema baba hajulikane. Inadanganya."

Gradi alimtazama, akatazama msururu, akapiga muhuri.

Pale kaburini Honorine aliinama kwa shida, akanyunyiza unga wa mahindi. Kabla ya hapo hakuwahi kumwita babu kwa sauti. "Nkambo, tunahama. Ni mi, mutoto wa Naomie." Kisha akalia, na hakujifuta. Niliona uchungu, na niliona aibu pia kwamba kwa miaka yote nilimcheka kwa ukali wake wa vitabu.

Tuliporudi ofisini alipiga picha ya fomu, akamtumia Philippe bila neno hata moja. Nakala akailaza kwenye ukurasa wa 1936, juu ya jina la mama yake, akafunga kitabu.

"Akijibu?" nilimuuliza.

"Umwambie arudi Alhamisi."