Sabuni Yangu ya Majivu na Mtoto Njiti

Mwanangu, nakumbuka Jumamosi moja niliyomtukana mume wangu mbele ya watu, na kosa halikuwa lake. Kosa lilikuwa ndani ya karai langu la kufulia. Nakusimulia kwa sababu umeniambia njiti wako ana wekundu kwenye makalio, na nimeona unavyomtazama baba yake siku hizi.

Nilikuwa kijana, nimeolewa Guta, kando ya ziwa, nimetoka kwetu Buswahili na maringo yangu yote. Ilikuwa miaka ile ya shida. Duka la kijiji lilibaki na rafu tupu, na siku ukisikia sabuni imefika, unakimbia unakuta foleni imezunguka duka na sabuni yenyewe imekwisha. Basi tukawa tunatengeneza wenyewe. Msimu wa pamba ukiisha tulitakiwa kung'oa mabua na kuyachoma, na mimi nilikusanya majivu yake, nikayachuja kwa maji, nikachemsha maji yale na mafuta ya mbegu za pamba. Sabuni yangu ilikuwa kali kwelikweli. Ilitoa hata grisi kwenye nguo za mume wangu Mafuru, aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba kule Bunda mjini na kurudi nyumbani mwisho wa juma. Majirani walinisifu, nikavimba kichwa. Viganja vyangu vilikuwa vinabambuka, nami nikadhani ndio ubora wenyewe huo.

Dorika, mwanangu wa kwanza, alizaliwa na miezi saba, hospitalini Musoma. Walimviringisha kwenye pamba, tukakaa wodini mpaka alipoweza kunyonya mwenyewe. Siku ya kuruhusiwa, nesi mmoja mtu mzima, tulimwita Mama Perusi, alinishika mkono akaniambia ngozi ya mtoto huyu bado changa, ni kama ule utando wa ndani ya yai, niitunze. Nikaitikia ndiyo, ndiyo. Akili yangu ilishapanda gari la kurudi Guta.

Nyumbani nilikuta sheria za mama mkwe. Alikuwa mama mzuri, usije ukamfikiria vibaya, ila kwa njiti alikuwa na lake moja: nepi za mtoto aliyewahi kutoka hazianikwi nje. Watu wakiona kinepi kidogo namna ile kwenye kamba watajua udogo wa mtoto, na macho yao yatamrudisha alikotoka. Kwa hiyo nilifua ndani, kwa maji ya ndoo moja, nikisuuza mara moja tu, na kuanika juu ya meko jikoni. Nepi zenyewe zilikuwa sita, vipande vya kanga kuukuu. Hazikukauka vizuri hata siku moja. Ili zisiloweshe matandiko nikakata kipande cha nailoni, nikawa namfunga juu ya nepi. Nilijiona mjanja. Nailoni ilinisaidia nisibadilishe mara kwa mara, na mtoto mdogo vile niliogopa kumfunuafunua asije akapata baridi.

Wekundu ulianza taratibu. Baadaye ngozi ikachubuka, ikawa mbichi, na kila akikojoa Dorika alilia kilio chembamba ambacho mpaka leo nakisikia. Unajua nilifanya nini? Nikaongeza sabuni. Nilidhani ni uchafu.

Mama mkwe akamtazama, akasema lile neno nililokuwa naliogopa.

"Mkamwana, huyu mtoto amebemendwa. Nimezaa tisa, sijawahi kuonaga vidonda vya namna hii. Mmoja wenu ametoka nje."

Kwa wasiojua, kwetu husemwa kwamba mzazi akitembea nje ya ndoa wakati mtoto ananyonya, mtoto hudhoofika na kutoka vidonda. Mimi nilijijua nilivyo. Basi nikamgeukia Mafuru, ambaye kila juma alilala Bunda peke yake. Siku nzima ya Ijumaa nilimtengenezea mwanamke kichwani, nikampa mpaka rangi ya gauni.

Jumamosi alipofika, hata maji ya kunywa sikumpa. Nilimmwagia maneno uani, jamaa na majirani wakisikia. Alisimama na kifurushi chake mkononi. "Mimi natokaga kazini nalala, nimechoka," alisema. "Nitoke na nani?" Nikamwambia anajua mwenyewe. Wazee wakaambiwa. Wakapanga kukaa Jumatatu: mimi nirudishwe kwetu Buswahili mpaka ukweli upatikane, na mtoto aogeshwe maji ya mizizi, ile mizizi inayowasha hata mtu mzima. Nilikubali, mwanangu. Nilikuwa na hasira kiasi hicho.

Aliyekataa ni Mafuru. "Jumatatu tunaenda Musoma kwanza," alisema. "Wazee watanisubiri. Na mama, wewe twende pamoja, usikie mwenyewe."

Mama Perusi alimlaza Dorika mezani, akafungua nailoni, akafungua nepi. Hakushtuka. Alipanua mikunjo ya mapaja, akachungulia kila mmoja.

"Ndani ya mikunjo pazuri," alisema. "Ingekuwa fangasi ningeikuta humu, na vipele vidogo pembeni. Njiti waliochomwa sindano nyingi za kuua vijidudu hupataga fangasi. Huyu ameungua pale tu nguo inapomgusa. Nipe nepi safi."

Nikampa. Akaitumbukiza kwenye bakuli la maji, akaifikicha kidogo. Maji yakatoa povu.

"Umesema hii ni safi?"

"Ndiyo, nesi. Nimeifua jana."

"Shika maji haya. Yanatelezaje?"

Nilishika. Yaliteleza vilevile kama maji yangu ya majivu. Mama Perusi akaeleza polepole, kama anayefundisha darasa: sabuni imebaki ndani ya kitambaa, mkojo ukiilowesha inaamka, nailoni inazuia hewa, na kinyesi kikikaa humo ngozi changa inalika. Mtoto aliyetimiza miezi yake angevumilia kidogo. Njiti hana ngozi ya kuvumilia.

Mama mkwe alijikohoza. "Na kubemendwa, nesi?"

"Mama, mimi hapa naona sabuni na mkojo. Baba yake simwoni."

Nilicheka na kulia kwa pamoja. Raha niliyoipata siku ile siwezi kukupimia. Mtoto wangu hafi, ndoa yangu haifi, na yule mwanamke wa gauni hakuwahi kuwepo duniani. Nilimwomba Mafuru msamaha palepale mezani. Alisema tu, "Nipe maji ya kunywa, yale ya Jumamosi," tukacheka wote.

Tuliambiwa tumsafishe kwa maji ya uvuguvugu bila sabuni, tumkaushe kwa kubonyezabonyeza, tumwache wazi kidogo akiwa kwenye joto, tumpake mafuta mazito. Siku ya nne ngozi ilikuwa imefunga. Lakini kabla ya hapo, asubuhi ya Jumanne, mama mkwe alichukua nepi zote sita akaenda nazo ziwani, akateka maji, akasuuza mpaka yakawa meupe, akazitandaza juani kwenye uzio wa njiani. Mtu akamuuliza ni za nani.

"Za mjukuu wangu," alijibu. "Mdogo kweli. Tazameni mpaka mchoke."

Baadaye maduka yalifunguka, sabuni zikaja za kila rangi na kila harufu. Usidanganyike, mwanangu. Yenye kunukia nayo ikibaki kwenye nepi huunguza. Suuza mpaka maji yasitoe povu, anika juani, badilisha kila akilowa, nailoni tupa. Ukiona wekundu umeingia kwenye mikunjo, au malengelenge, usaha, homa, au mtoto amekataa kunyonya, mpeleke hospitali siku hiyohiyo, usije kwangu.

Na mume wako akirudi jioni, usimuulize alikuwa wapi. Mpe nepi asuuze.

Mungu amjaze nyama mtoto wako, alale mkavu, nanyi wawili mlale mkiaminiana.