Shuka la Bibi Sabina Kwenye Kamba

Mpaka leo nikipita kijijini kwetu Lipingo hakosi mtu wa kuniuliza, "Vipi, leo msiba wa nani?" nami hucheka kabla yao, maana nimegundua kwamba ukiwahi kujicheka mwenyewe aibu hupungua kidogo (kidogo sana).

Ilikuwa miaka ile tulipohamia kijiji cha ujamaa, nyumba zimepangwa mstari kama wanafunzi wa gwaride. Afisa Utamaduni, mtu wa Tanga, alikuja kutoka Mbinga akatangaza mkutanoni kwamba anatafuta vitu vya kale, na kijana atakayeeleza kitu kimoja sawasawa atamchukua awe karani wake. Mimi niliishia darasa la nne, mengine nilijifundisha kwa kitabu kisicho na jalada kilichotoka misheni, kilichohusu samani za zamani, nami nilikuwa nimekinakili chote mara mbili kwa sababu nakala ya kwanza ilidondokewa na wino. Kazi ile niliitaka hadi chakula hakipiti.

Kitu cha kale kijijini kilikuwa kimoja: sanduku la safari la jirani yetu Bibi Sabina, la mbao na ngozi, pembe zake za shaba, ambalo baba mkwe wake alimbebea Mjerumani mpaka Mjerumani akaondoka bila kulidai.

"Lipime, mjukuu wangu," Bibi alinikubalia, "lakini kwa nje. Ndani ni mambo yangu na Mungu." Akabeba jembe akaenda shamba la kijiji.

Nikalitoa uani. Nikaandika urefu, upana, misumari (mia moja na kumi na sita, nilihesabu mara tatu). Lakini kitabu kilisema thamani yote iko kwenye kibandiko cha fundi, na kibandiko hukaa ndani ya kifuniko. Nikajiambia nitainua kifuniko tu, na kifuniko si ndani. Hapakuwa na kitu. Basi kitakuwa chini kabisa, na huko chini kulifunikwa na shuka jeupe la marekani, limekunjwa vizuri. Mtu mwingine angeliweka popote. Mimi, kwa usafi wangu, nikalitundika kwenye kamba ya nguo lisipate vumbi.

Mama Tekla alikuwa akipanda kutoka ziwani na beseni la usipa, dagaa wa kwetu. Shuka lile alilishona yeye mwenyewe, liwe sanda ya Bibi siku yake ikifika. Alipoliona nje akajua siku imefika. Beseni likaanguka, akapiga yowe, na kwa jinsi tulivyojengwa mstari, yowe likapita nyumba hadi nyumba bila kuruka hata moja.

Mimi kichwa kilikuwa sandukuni (kibandiko kililiwa na mende, ilibaki alama ya gundi). Nikachomoka nikauliza, "Nani?"

"Bibi Sabina!"

Na mimi, jamani, nikalia! Sikuuliza amefia wapi. Nililia huku nikiongeza daftarini, mbele ya "mwenye mali", neno marehemu, kwa mwandiko safi.

Landrova ya afisa ilifika unga na kuni vimeshalundikana. Akavua kofia, akatoa pole, akamwambia Mwenyekiti, "Kijana huyu anaandika huku machozi yanamtoka. Huyu ndiye." Nikajiona karani.

Ndipo Bibi akatokea na jembe lake. Kwetu mtu hulia kwanza ndipo aulize, basi alipoona umati akalitupa jembe, akaweka mikono kichwani, akaja analia hadi katikati ya wanawake waliojiinamia, akaketi. Alipomaliza kujifuta ndipo akauliza, "Jamani, nani katutoka?"

Macho yake yakafika kwenye kamba.

"Mjukuu wangu," alisema taratibu, "si nilikuambia kwa nje?"

Afisa aliomba daftari, akakata neno marehemu kwa mstari mmoja, akanirudishia, akapanda landrova. Sanduku hakulitazama. Unga ulipikwa, maana unga wa msiba haurudi ulikotoka, na Bibi alikula akisema ugali wa matanga yake ni mzuri kuliko alivyotegemea.

Tangu hapo nimeapa: kilichofungwa nakiandika kwa nje, nafasi ya ndani naiacha tupu. Lakini kiapo hakikunisaidia. Miaka mitatu baadaye Bibi alifariki kweli, asubuhi, mikononi mwa mama yangu, nami ndiye niliyetumwa kupeleka habari. Nikafika nyumba ya kwanza nalia machozi ya kweli. Mama Tekla hakuacha kupepeta.

"Umemwona mwenyewe," akaniuliza, "au umeona shuka?"