Jeusi au la Rangi ya Fedha

Muuzaji wa duka la magari ya kifahari hafungi mlango wa gari kama watu wengine. Huusukuma kwa vidole viwili, kisha huinamisha kichwa kusikiliza, kama fundi saa. Shati lake hunyooshwa kwa pasi hadi mikunjo ikate, na kitambaa cha kufutia vumbi hakimtoki mkononi hata anapokunywa chai. Jumamosi moja bosi wake alimwambia waziwazi: asipouza hata gari moja kufikia jioni, Jumatatu asirudi. Akaja mama mmoja mfamasia, akazunguka kati ya gari jeusi na la rangi ya fedha mpaka akavua viatu. Mwishowe akachagua la fedha kwa utulivu wa injini yake, akashika kalamu atie sahihi.

"Subiri, dada," muuzaji akasema. "Gonga mlango huu. Sasa gonga na huu wa nyuma."

Wa kwanza ulilia kama bati, wa pili kama ubao.

"Huu wa nyuma umezibwa?" mama akauliza.

"Gari liligongwa, likatengenezwa vizuri. Lakini liligongwa."

Nyuma ya kioo cha ofisi, bosi akakohoa. Muuzaji akafuta boneti isiyo na vumbi.

"Na hili jeusi lina dhambi gani?"

"Ulevi tu, dada. Kwa mafuta halina haya."

Mama akacheka, akavaa viatu. "Basi niandikie hilo jeusi. Mlevi nitamvumilia. Wa kunificha jeraha, hata awe mpole vipi, simtaki kwangu."