Figo Hazipigi Kelele

Mwanangu, iko siku moja ambayo nikiikumbuka hata leo moyo unanidunda kama wa kijana, ingawa njia iliyonifikisha kwenye siku hiyo ilikuwa ya aibu tupu. Kaa hapa karibu nikusimulie. Chai ikipoa tutaipasha.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, mzaliwa wa Masama, mpagazi wa mlimani. Ilikuwa ile miaka ambayo milango ya nchi ilifunguliwa, bei ya kahawa ikawa haieleweki, na wageni wakamiminika Moshi kuja kuupanda mlima wetu. Vijana tuliwaachia wazazi mibuni na migomba, tukaenda kusimama langoni kuomba mizigo. Nami nilikuwa na nguvu, bwana! Begi zito kichwani, mteremko ama mwinuko, mimi napiga mluzi. Sisi wapagazi tulijiita wagumu, na jina hilo lilinilevya kuliko mbege, pombe yetu ya ndizi.

Si kwamba mbege niliiacha. Tukishuka tu mlimani tunajipongeza siku mbili mfululizo: nyama choma ninayoimwagia chumvi mpaka inameremeta, sigara haizimiki, na pombe kali za chupa ndogo ambazo wenzetu walituletea kutoka Tarakea kule mpakani. Mgongo ukiuma, nanunua dawa za maumivu dukani na kuzitafuna kama bisi. Nani angeniuliza? Ukiwa kijana unadhani mwili ni punda asiyechoka.

Basi msimu mmoja nikaahidiwa jambo kubwa. Kiongozi wa msafara wetu, Mzee Ndesanjo, aliniambia safari hii sitabeba mzigo wa jikoni tena. Nitapanda naye hadi kileleni nikiwa msaidizi wake, na nikifanya vizuri, nami nitakuwa kiongozi. Nilirukaruka kama mbuzi! Mke wangu Aikande, ambaye tulipanga naye chumba kule Soweto mjini Moshi, alikuwa na mimba ya miezi saba, na nilimwambia mtoto wetu atazaliwa na baba mwenye cheo.

Asubuhi ya pili mlimani, viatu vilikataa kuingia. Nikavivuta, nikavilaani, nikatia vidonge viwili mdomoni. Mzee Ndesanjo alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Anaeli, hivyo ni vingapi tangu jana?"

"Vichache tu, Mzee. Ni mgongo."

Akachuchumaa, akabonyeza kifundo cha mguu wangu kwa kidole gumba. Alipokitoa, shimo likabaki palepale, kama umebonyeza ndizi iliyoiva. Akalitazama lile shimo.

"Na mkojo wako? Unatoa povu?"

Nilicheka. Kweli ulikuwa unatoa povu, tena kwa miezi, lakini nilidhani ni nguvu za kiume. Usicheke, mwanangu. Ujinga ni mzigo ambao mwenye kuubeba hausikii uzito.

"Unashuka leo," akasema. "Uende hospitali, na baa usiingie."

Hapo nikafanya kosa ninalolionea haya mpaka leo. Mbele ya wapagazi wote nilimwambia, "Wewe Mzee unaniogopa. Unajua nitachukua nafasi yako."

Hakukasirika, na heri angekasirika. Alisema kwa sauti ya chini, "Mdogo wangu alivimba hivihivi. Tukasema ni viatu. Tulimzika kabla mwaka haujaisha. Shuka, kijana." Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Mzee yule hakuchelea kilio changu.

Nilishuka nikitukana kila jiwe. Njiani niliwaza kupitiliza kwenda kunywa, lakini nilipita nyumbani kwanza, na Aikande alipoiona miguu yangu alivaa kanga yake, akanishika mkono na kunipeleka hospitali kama mtoto wa chekechea.

Daktari alikuwa mama mmoja mpole, mwenye macho yasiyokubali uongo. Alinipima presha, akaipima tena. Akachukua mkojo, akachukua damu. Tuliporudi kuchukua majibu alituketisha wote wawili.

"Anaeli, presha yako iko juu sana, na figo zako zinavujisha protini. Ndiyo maana unavimba na mkojo unatoa povu. Tena damu yako ina virusi vya homa ya ini, aina ya B."

"Homa ya ini? Daktari, macho yangu si ya njano! Na mimi ni mgumu, siumwi!"

"Wengi hukaa navyo miaka bila kuumwa popote. Virusi hivi makao yake ni ini, lakini mwili unapopigana navyo, figo nazo zinaweza kuumia. Kisha wewe umeziongezea presha, chumvi, sigara na hivyo vidonge. Figo hazipigi kelele, baba. Zinafanya kazi kimya, na zikichoka zinachoka kimya. Pombe nayo inalimaliza ini lililokwisha kujeruhiwa."

Nikauliza kama ndiyo nimekufa. Akasema, "Hujafa. Umewahi. Ungekuja mwakani tungekuwa na mazungumzo mengine."

Kisha Aikande akauliza swali ambalo nilikuwa nikiliogopa. "Virusi hivyo huambukizwaje?"

Daktari hakuzunguka. Alisema hupita kwenye damu, katika tendo la ndoa, katika nyembe na sindano za kushirikiana, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto anapozaliwa. Nikaona mke wangu anashika tumbo lake kwa mikono miwili. Nilikumbuka jando letu, vijana tisa kwa kisu kimoja. Nilikumbuka wembe mmoja uliotunyoa kambini msimu mzima. Nilikumbuka na mambo mengine ya ujana ambayo sitakutajia.

"Hatutajua vilitoka wapi," daktari akasema. "Sasa hivi tumpime mama."

Majibu yangetoka Ijumaa. Mwanangu, siku tatu zile! Aikande hakunigombeza hata neno, akapika, akafua, akalala akiutazama ukuta. Mimi sikuonja pombe, si kwa ushujaa bali kwa hofu. Niliwaza kwamba mimi niliyejiita mgumu huenda nimemtwika mzigo mtoto asiyejua hata mwanga wa jua.

Ijumaa tulikaa kwenye benchi la hospitali, mimi nimeinamisha kichwa. Tukaitwa. Daktari akaifungua karatasi, akatabasamu kabla hajasema.

"Mama yuko salama. Hana virusi. Tunaanza kumchanja leo hii, na mtoto naye akizaliwa achanjwe."

Weeee! Mwanangu, nilipiga ukelele uliowatoa wauguzi ofisini! Nilimkumbatia Aikande, nikamkumbatia mzee mmoja aliyekuwa anapita na fimbo yake, nikataka kumkumbatia na daktari, akanizuia kwa mkono. Nilitoka nje nikaona mlima umejifunua wote, mweupe, na nilitamani kukimbia mpaka juu na ile miguu yangu iliyovimba! Aikande alikuwa analia na kucheka. Akaniambia, "Anaeli, leo nimekusamehe. Lakini ukirudia chupa, utanitafuta kwa mama yangu."

Sikurudia. Wenzangu walinicheka wakiniuliza nimeokoka lini. Nilimeza dawa za presha kila siku, sigara nikaitupa, na Aikande akajifunza kupika mtori, ule mchuzi wetu mzito wa ndizi na nyama, bila chumvi, kwa kitunguu na limao. Wiki ya kwanza niliula kama adhabu, mwezi wa tatu nikaomba kuongezwa. Miguu ikanywea. Kila nilipokwenda kupimwa, povu lilikuwa limepungua. Binti yetu alizaliwa akipiga kelele kuliko mimi, akachanjwa, akaepuka balaa langu.

Ndipo nikaenda kwa Mzee Ndesanjo na jani la isale la kuombea msamaha mkononi, maana kwetu Uchagani ukimkosea mtu humwendei mikono mitupu. "Shikamoo, Mzee." Alilipokea jani, akanitazama miguu kwanza, kisha uso. "Marahaba. Daktari amekuruhusu kupanda?" Nikamwonyesha karatasi. Msimu uliofuata tulisimama kileleni pamoja, na jua lilipochomoza nilipiga kelele mpaka wageni wakadhani nami ni mara yangu ya kwanza kuona jua.

Sikupona kabisa, nisikudanganye. Virusi bado ninavyo. Miaka ilipokwenda zikaja dawa za kuvituliza, nami nameza kidonge changu kila siku na kliniki sikosi. Figo zangu hazikurudi kuwa za mvulana, ila zimenifikisha kwenye mvi hizi.

Basi sikiliza. Mficha maradhi kifo humuumbua. Nenda ukapimwe homa ya ini ungali unacheka, na kama huna, chanjwa. Wembe wako uwe wako peke yako, na mwenzi wako mweleze ukweli hata kama ulimi unatetemeka. Dawa za maumivu si karanga, wala mizizi ya kuchemsha usiinywe kwa sababu tu jirani kaisifu. Punguza chumvi, achana na sigara, na kama ini lako limeguswa, pombe iage kabisa. Presha ipime hata usipoumwa. Ukiona uvimbe au povu usisingizie viatu. Na mkubwa akikukataza jambo mbele za watu, meza hasira kwanza. Huenda amewahi kuzika mtu.

Mungu aliyeusimamisha mlima huu mbele ya macho yetu akupe damu safi na moyo wa kuambilika. Uzae, ulee, uzeeke, na watoto wako wakushike mkono kwa upendo, si kwa ugonjwa. Nenda kwa amani, mwanangu, na kesho asubuhi upitie hospitali.